Sifuri Arobaini na Moja

Aliileta ndani ya khanga, kama mtu aliyebeba mayai,
karani Mhembano wa ushirika wa zabibu, Mpunguzi,
upepo wa Agosti umempaka udongo mwekundu hadi kwenye kope.
"Nyemo, kompyuta inaganda. Naipiga kofi, inaamka.
Jana makofi mawili. Leo hata matatu halijui."

Nikamwambia: hilo la tatu ndilo utakalolilipia.

Nikaitoa diski, nikailaza juu ya sponji,
nikazima feni. Nikamwomba muuza nyanya wa dirishani
apunguze redio; akapunguza, shingo upande.
Soko la Majengo lote likabaki nje ya sikio langu.
Tk.
Kimya.
Tk, tk. Kisha mkwaruzo mdogo,
kama ukucha unaotafuta pa kuingilia kwenye bati.

Asiyejua huanza kwa kutengeneza.
Niliwahi kuua moja hivyo, mwaka wangu wa kwanza wa ufundi,
harusi nzima ya watu wa Kizota,
na bibi harusi bado tunapishana sokoni kila Jumamosi.
Diski inayokufa haitibiwi. Hunakiliwa.
Pale inapopiga kelele huiulizi mara mbili.
Unapokea kwanza inachotoa kwa hiari,
unaruka palipo na kidonda,
unarudi baadaye, polepole, kwa mlango wa uani,
ukisoma kutoka mwisho kuja mwanzo.

"Itachukua muda gani?"
"Muulize yeye. Muulize na umeme."

Umeme ulikatika saa nne usiku.
Betri ya gari la shemeji ikabeba mzigo.
Mhembano hakuondoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akasema mle ndani kuna kila kilo iliyopimwa tangu Julai,
na zabibu zenyewe zimeshakamuliwa,
huwezi kuzirudisha kwenye mizani.
Malipo Ijumaa.
Leo Jumatano; hapana, saa sita imepita,
leo Alhamisi.

Asilimia sitini. Tisini.
Tisini na saba, ikagoma hapo kama punda aliyeona korongo.
Nikaizima, ikapoa. Nikaiwasha. Ikanipa kijiko kingine.
Nikaizima.

Alfajiri nikafungua daftari la mizani.
Majina yalikuwa faili jingine, mazima yote:
Chidawali, Ndahani, Mateje, Senyagwa.
Lakini kilo zao, mistari arobaini na moja,
sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini ya kioo.

Mhembano akashusha pumzi.
"Si mbaya. Sifuri ni sifuri. Hawa hawakuleta kitu."
Kidole chake tayari juu ya kitufe cha kuchapa.

Nikamshika mkono, mtu wa rika la baba yangu.
Sifuri hii haikutoka kwenye mizani, nikasema.
Nimeiweka mimi. Mashine huiandika pale iliposhindwa kusoma,
maana haikufundishwa kusema sijui.
Huyu Mazoya, mstari wa tisa. Humkumbuki?
Akafikiri. Muuza nyanya alikuwa anafungua meza yake.
"Alikuja na punda watatu," akasema.
Kisha, kwa sauti ya chini: "Wanne."

Tukazifuta moja moja.
Kila pengo tukaliandika kwa herufi kubwa: SIJUI. AULIZWE.
Ukurasa ukawa mchafu, wenye aibu, na wa kweli.
Akaukunja ndani ya khanga, akapanda bodaboda.

Ijumaa jioni akapiga simu.
Mpimaji wao, kumbe, alikuwa akichora mistari ya mkaa
kwenye ukuta wa banda, kwa mazoea tu, hakuna aliyemtuma.
Waliulizwa wote, ukuta ukaulizwa.
Wengine walizidisha kidogo, binadamu.
Mazoya alijipunguzia kilo nane
asije akaonekana mwizi.

Malipo yangu, Mhembano alisema, ni msimu ujao.
Diski iko rafuni, juu ya sponji yake.
Siiwashi.